Pangaboi Lililotulizwa Mara Nne

Karakana ya Ndege Ndogo,
Chumba cha Vipimo.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Habari za siku nyingi? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijidai mzima? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yamemwachia kidogo, na wanao wanakula kama watu wanaojenga barabara. Kitinda mimba wako ameng'oka jino, basi kila mgeni lazima aonyeshwe pengo.

Siku tano hupokei simu yangu. Usiniambie ni mtandao, maana mtandao huohuo ulimpitisha mumeo Jumanne, na najua alichokwambia: kwamba mdogo wako amezuia ndege yake mbele ya abiria kwa kiburi tu. Ndiyo sababu nakuandikia. Karatasi huwezi kuikatia.

Kazi yangu unaijua. Ndege ikirudi, nabandika kihisio juu ya injini, pangaboi la puani mwa ndege linazungushwa, mashine inasoma mtetemo. Namba ikizidi, tunasema pangaboi halijasawazika. Tunafunga kipande kidogo cha chuma upande ulio mwepesi, namba inashuka, tunasaini. Tuko watatu kwa zamu: mimi, fundi mmoja tunayemwita Kimya, na mama mtu mzima tunayemwita Bi Miwani. Kila mmoja ana daftari lake, na kwetu daftari la mtu ni kama mswaki wake.

Mwezi uliopita nikaanza kumshuku Kimya. Ndege anayoirusha shemeji ilikuwa inarudi na mtetemo, naituliza, baada ya wiki imeanza tena. Mwanzoni mwa mwezi huu nikahesabu vyuma vinne mahali ambapo mimi nilikuwa nimefunga viwili. Nikajiambia, huyu bwana ana lake jambo. Mtu hasalimii asubuhi, anakula peke yake, anatoka wa mwisho. Anatafuta nini kwenye ndege ya shemeji yangu? Nikakumbuka waliwahi kukwaruzana kuhusu nafasi ya kuegesha pikipiki. Hapo ndipo nilipoanza kumvizia kabisa. Nilifungua hata sanduku lake la spana, Mungu anisamehe.

Jumatatu alipoenda kunawa, nikafungua daftari lake. Nilitarajia uovu. Nikakuta mwandiko wa mwanafunzi mtiifu: mtetemo umezidi, kimefungwa chuma kimoja, namba nzuri, saini. Nikapekua na la Bi Miwani: chuma kimoja, namba nzuri, saini. Langu sikuwa na haja ya kulifungua. Viwili, namba nzuri, saini.

Nilikaa kitako. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anatuliza homa ileile na kumruhusu mgonjwa aende zake. Kitu kilikuwa kinaharibika ndani ya pangaboi, na sisi tulikuwa tunakinyamazisha kwa zamu.

Jumanne asubuhi, kabla shemeji hajafika, nikabandika kihisio kwenye kila panga la lile pangaboi na kuligonga kwa nyundo ya mpira. Panga zima hutetema kwa mwendo wake uleule siku zote. Mawili yalijibu sawa. La tatu lilijibu taratibu zaidi, kama kitu kilicholegea ndani. Nikashuku mashine, nikabadilisha kihisio. Nikashuku mkono wangu, nikamwita Bi Miwani agonge yeye. Jibu likawa lilelile, basi nikafunga kitambaa chekundu kwenye pangaboi, alama kwamba ndege isiruke.

Mara shemeji huyo, shati limenyooshwa hadi linakwaruza.

"Shemeji, wiki iliyopita si wewe uliyesaini?"

"Ni mimi."

"Sasa leo limeota pembe?"

Nikakaza fundo la kitambaa, abiria tisa wametukodolea macho. Akang'aka, akaondoka, akakupigia wewe.

Alhamisi tulibandua raba iliyofunika shina la lile panga. Ufa ulikuwepo, urefu wa njiti ya kiberiti. Kimya, ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, alisema, "Hili lingekatika angani." Shemeji alipitisha kidole juu ya ufa, kisha akaenda kukaa juu ya gurudumu. Tangu siku hiyo anamwambia kila mtu kwamba shemeji yake kamwokoa. Bila shaka atakuwa amekusimulia na wewe kabla hujafungua bahasha hii. Usimwamini.

Msalimie binamu yetu mnayesoma naye, na mama mwenye nyumba wako. Mama na wanao wanakusalimu sana. Mungu akufungulie mitihani yako na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Dada, mimi sijaokoa mtu. Mara mbili pangaboi lile lilinilalamikia, na mara mbili nikalifunga chuma, nikasaini, nikampungia mumeo mkono akipaa. Yeye hajui. Kimya na Bi Miwani hawasemi, nao wana vyuma vyao. Kesho nitamweleza, madaftari yote matatu yakiwa mezani, akasirike anavyotaka. Lakini wewe nilitaka ulisikie kutoka kwangu. Naona aibu, na naogopa. Ningekufanya mjane, dada yangu, na ningekaa nawe msibani nimekushika mkono, nalia, huku nikimtazama Kimya kwa jicho la pembeni.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako.