Kabati Mlangoni

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua unaitumia au umeificha tena? Mimi sijambo, ila kazi imenibana.

Najua hujajibu barua zangu tangu tulipomzika mama. Sikulaumu. Leo nakuja na swali la kazi tu. Tunatengeneza filamu ya vita, vita vile vya mwaka niliozaliwa, na mimi ndiye ninayepamba mitaa na vyumba, vitu vyote vinavyoonekana nyuma ya waigizaji. Tumepewa picha za zamani za mtaa mliokuwa mkiishi. Kwenye moja kuna nyumba haina mlango, na mahali pa mlango limesimama kabati la nguo. Seremala wetu anasema waporaji walilitelekeza pale. Mwongozaji anasema ni kinga ya risasi. Wamebishana mpaka chai ikapoa. Nisipomwambia mwongozaji lilikuwa la nini, analitoa.

Wewe ulikuwepo. Unakumbuka?

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, na dawa ipo.

Hilo kabati ni letu. Mambo ya vita sipendi kuyazungumza.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo, na pole na goti. Letu? Nimeitazama picha mpaka macho yakauma. Sikulazimishi. Lakini ukinyamaza wewe, nimuulize nani?

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima na unakula vizuri, si kuishi kwa chai tu. Mimi mzima. Kalamu nilikuwa nayo siku zote hizi, maneno ndiyo yaliyogoma.

Mama yako alishikwa na uchungu mchana, risasi zinalia upande wa stesheni. Gari hakuna. Fundi viatu, jirani yetu, akasema, "Ng'oa mlango!" Nikafungua bawaba, tukamlaza mama yako juu yake, tukambeba wanaume wanne mpaka zahanati. Njia nzima anatukaripia: "Mmebeba mtu au gunia?" Jioni ukazaliwa. Nilipoutaka mlango wangu, nikakuta mkunga ameshamlaza majeruhi juu yake. Ningemnyanyuaje?

Basi nikalisukuma kabati mpaka mlangoni, nikabandua mbao za nyuma. Ukitaka kuingia kwetu, unafungua kabati, unapenya katikati ya nguo, unatokea sebuleni. Fundi viatu alikuwa anagonga: "Hodi! Natafuta shati!" Mama yako anamjibu toka ndani, "Saizi yako imekwisha!" Siku moja jirani tuliyemwita Bonge akanasa. Tukamvuta, akaja na gauni la mama yako shingoni. Tulicheka mpaka ukaamka unalia.

Watu wakikuuliza habari za vita wanangoja machozi. Machozi yalikuwepo, mwanangu. Fundi viatu hakuiona amani. Lakini mimi nikiukumbuka mwaka ule, kwanza namsikia mama yako anacheka. Niliona haya kusema kwamba nilikuwa na furaha. Na tangu aondoke, kicheko kile ndicho kinachoniuma. Nikiona mwandiko wako, unaofanana na wake, nashindwa kuandika.

Mwambie bosi wako kabati halikuzuia risasi. Halikuzuia hata mbu.

Baba yako

8 Mei

Baba yangu,

Shikamoo sana. Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chakula, nikashindwa kuimaliza; seremala akanipokea. Mwongozaji akasema libaki. Litaonekana nyuma tu, hakuna mtu atakayelieleza. Lakini nguo za kutundika sizijui. Njoo unionyeshe. Kitanda chako nimeshatandika.

Mwanao

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Umefika salama? Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke.

Seremala anakusalimu. Anasema hajawahi kuona mtu akipanga nguo kwa umakini ule, eti gauni la kijani lisikae karibu na koti kwa sababu mama hakupenda. Ulipoingia kabatini na kukaa humo, mwongozaji alitaka kukuita. Nilimshika mkono. Sikukuuliza siku ile, na sikuulizi sasa.

Mwanao

11 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, majirani wanasema nimenenepa.

Filamu yenu imefika hapa, nimeiona. Niliketi nyuma ya mtu na mkewe. Kabati likatokea, askari wakalipita mbio, yule mama akanong'ona, "Lile kabati linafanya nini pale?" Mumewe akamjibu, "Wamesahau kuliondoa."

Sikuvumilia. Nikamgusa yule bwana bega, nikaanza: mke wangu alishikwa na uchungu mchana. Watu wa pembeni wakatunyamazisha, halafu nao wakasogea wasikie. Nilipofika kwa Bonge, safu nzima inacheka, na huko kwenye skrini watu wanakufa. Taa zikawaka, mwisho hatujauona.

Kwa hiyo usiniulize nani alishinda.

Baba yako