Kisu cha Huruma

Shoga, kaka kamchoma kisu shemeji! Kisu kweli, mbavuni, humo humo maabarani kwake!

Ile fulana mpya aliyoibuni shemeji ya kuzuia visu. Kitambaa kimelowekwa uji fulani unaogeuka jiwe ukipigwa ghafla. Kaivaa mwenyewe mbele ya wageni waliokuja kuiona ikijaribiwa, anamfokea kaka: "Nichome kwa nguvu zako zote!"

Kaka kaingiwa na huruma. Baba wa wapwa zake yule! Akakisukuma polepole.

Polepole, shoga! Kumbe ukisukumwa taratibu, uji unabaki uji. Kisu kikazama, damu ikarukia viatu vya wageni.

Kaka anapiga mayowe: "Nilimchoma polepole jamani! Polepole!"

Shemeji yuko kwenye machela, kakenua meno kwa maumivu: "Ungenichukia hata kidogo, ningekuwa mzima."