Mkono wa Pili Haujakauka

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Keti kwanza ndipo usome. Bahati imekuja kwangu yenyewe, imebisha hodi, imevua viatu, na sasa hivi imekaa kwenye kitanda changu inaniuliza nataka nini kingine.

Shikamoo, kaka. Habari za shemeji, habari za kifua? Kama hicho kikohozi bado kipo, kiambie mdogo wako anakisalimu na anakiomba kiwe na adabu. Mimi niko imara kama msumari.

Sasa habari yenyewe. Nimepewa ukumbi niupake rangi! Si choo cha mtu, si geti, ni ukumbi mzima wa muziki, una jukwaa, una mapazia yaliyofika bado yako kwenye nailoni. Mwenyewe ni mama mmoja tajiri, dunia ameizunguka mpaka imemchosha. Mafundi wenzangu walijipanga na vyeti vyao. Mimi cheti changu ni rangi iliyoganda kwenye kucha. Aliniangalia vidole tu, akasema, "Fundi, ni wewe." Rangi zote nachagua mimi, yeye kazi yake ni kushangaa.

Kubwa zaidi hili hapa. Aliniuliza siku ya kufungua nani apige. Nikamwambia, "Mama, nina kaka. Akishika tarumbeta, hata mbu wanatua wasikilize." Akasema, "Mlete."

Wewe unajua mimi na muziki, kaka. Muziki wa redio ni kama rangi ya kwenye kadi ya dukani, imechanwa nywele na kuambiwa inyamaze. Muziki wa watu walio mbele yako ni rangi ya kwenye ndoo. Ukizubaa inakurukia shati, na nyumbani unarudi nayo.

Anza kulainisha midomo.

Mdogo wako,
Fundi

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima kwa kipimo cha wagonjwa. Naandika kwa sababu kwenye simu ya jirani kikohozi kinanikata maneno, na jirani mwenyewe anakaa pale anasikiliza kama anasikiliza taarifa ya habari.

Barua yako niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Nakujua, wewe ukiona manyoya unasema umekula kuku. Shemeji yako ndiye aliyenigombeza: "Kwa nini isiwe kweli? Mtu hawezi kupata?" Nikaisoma tena. Safari ya pili sikucheka.

Nikuambie ya huku. Daktari amenipiga picha ya kifua, amekuta uvimbe kwenye pafu. Anasema lazima utolewe na kipande cha pafu chenyewe, tena mapema, kabla haujasambaa. Amenipa kitanda mwanzoni mwa Mei. Nikamuuliza, "Na baada ya hapo nitapuliza?" Akajibu, "Mzee, utapuliza chai ipoe." Ni mtu wa utani yule, ila hakutabasamu.

Kwa hiyo ukumbi wako umenikuta pabaya na pazuri kwa wakati mmoja. Nimepiga kwenye maharusi, nimepiga kwenye mazishi, nimepiga kwenye baa mlevi akiwa amelala juu ya spika. Ukumbi wenye pazia sijawahi. Nataka nipulize mara moja mbele ya watu waliokaa kwenye viti wakanyamaza, kisha daktari achukue anachotaka.

Mnafungua lini? Na ule ukuta wa nyuma ya jukwaa unapaka rangi gani? Usipake njano, tarumbeta itapotea.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole sana, pole tena, na pole nyingine ya shemeji. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena, jirani yangu akadhani nimeumwa na siafu.

Sikiliza, kitanda cha Mei ukilalie. Tafadhali. Ukumbi utachelewa sana. Plasta ilipigwa na watu wenye haraka, ina maji ndani. Ukipaka juu ya ukuta wenye maji, rangi inavimba kama uso wa mtu aliyechokoza nyuki, halafu inabanduka vipande vipande. Mimi kazi ya hivyo sifanyi, jina langu si la kuokota. Nimepiga mkono wa kwanza wa rangi, mkono wa pili haukauki. Huenda mwezi wa saba, huenda wa nane, huenda mwakani! Kwa hiyo wewe katibiwe, upone, halafu tutaona.

Nyuma ya jukwaa ni bluu nzito, bluu ya wino. Hapo tarumbeta itawaka peke yake. Kuta za pembeni nazipa rangi ya udongo uliolowa, kwa sababu watu wakikaa kwenye rangi ya udongo wanatulia, hawakohoi, hawatafuti mlango. Rangi ina kazi yake, kaka, si pambo tu. Unamkumbuka yule mwalimu aliyechagua rangi ya machungwa kwa chumba cha kulala akiwa chini ya taa ya duka? Nilimwonya. Siku chache tu akahamia sebuleni na mto wake. Mkewe akanitafuta kunishukuru, akasema tangu aolewe hajalala vizuri hivyo.

Nenda kwa daktari.

Mdogo wako,
Fundi

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na moyo wako utulie. Nimefanya kama ndugu anavyofanya. Kitanda nimemrudishia daktari, ampe mwingine. Mwezi wa saba si mbali, na wewe huna sababu ya kuharakisha ukuta kwa ajili yangu. Daktari alikasirika, akasema uvimbe hausubiri rangi ikauke. Nikamwambia, "Wewe humjui fundi wangu. Yeye akisema haujakauka, haujakauka."

Nafanya mazoezi stoo. Shemeji yako alikificha kidomo cha tarumbeta, kile cha kupulizia, ndani ya debe la unga. Nikatafuta nyumba nzima, nikaweka hasira, nikalala. Jioni nikamkuta amekipangusa, amekiweka juu ya meza. Akaniambia, "Puliza basi, mzee mkaidi, lakini mlango uwe wazi nikuone." Akakaa kizingitini akichambua mchele. Nilipomaliza, mchele alikuwa ameuchambua wote mpaka mzuri ameutupa.

Mchana nalala sana. Naangalia ule ukuta wa kijani uliopaka ulipokuwa unajifunza. Mbona hukuniambia kwamba ukitazamwa ukiwa umelala una mistari ya brashi kama shamba lililolimwa na mlevi? Mgonjwa huona mengi ukutani, mdogo wangu. Nyie mnapaka mkiwa mmesimama.

Leso yangu jana ilitoka na nyekundu kidogo. Nyekundu safi, wewe ungeipenda, haina hata tone la kahawia. Usimwambie shemeji yako.

Kaka yako

5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hiyo nyekundu siipendi na sitaki kuisikia.

Mambo yamegeuka. Yule mama amebadilisha nia. Anasema muziki hauna faida, ukumbi anaufanya ghala la saruji. Nilipambana naye, kaka, waulize watu. Nilimwambia mbele ya umati, "Mama, wewe una macho ila huna masikio!" Wapita njia wakapiga makofi. Haikusaidia. Bluu yangu yote itakaa nyuma ya mifuko ya saruji, hakuna atakayeiona ila panya.

Ndiyo hivyo. Kufungua hakupo. Huna tena cha kusubiri. Kesho asubuhi mwambie shemeji akupeleke kwa daktari, umwombe radhi, umwombe kitanda. Mwambie mdogo wako ndiye aliyekosea, plasta ndiyo iliyokosea, sema lolote. Nakuomba kama ulivyoniomba mimi niache kupanda juu ya bati nilipokuwa mdogo. Mimi sikukusikia nikaanguka. Wewe nisikie.

Siku hizi nikiamka naona kila kitu kimepakwa rangi moja. Si nyeusi, nyeusi ina heshima yake. Ni ile rangi ya maji ya mwisho ya kuoshea brashi.

Mdogo wako

25 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko huu usiudharau, naandika nimeegemea.

Mwanamke aliyenunua mapazia hajaacha kupenda muziki. Amekasirika tu, na wewe kumtukania masikio mbele ya watu ndiyo umeharibu. Nyamaza sasa, utuachie wakubwa. Nakuja kuongea naye mwenyewe. Sitamwomba, nitampulizia. Wimbo mmoja, yeye peke yake, humo humo ndani mwa saruji yake. Nikikaa kitako pumzi inanitosha kwa wimbo mmoja, nimepima.

Kitanda kilipatikana tena juma hili, daktari akatuma mtu aniite. Sikwenda. Mtu hasafiri na mshono kifuani. Shemeji yako anafunga mzigo huku analia, ananiita mtoto, na mkononi ameshika soksi zangu za sufu, kana kwamba huko kwenu kuna barafu. Anataka tuje wote.

Nimemwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Kwamba miaka yote hii nikipiga kwenye maharusi ya watu, watu wanakula. Sijawahi kumaliza wimbo bila kusikia kijiko.

Tutapanda basi la mwisho wa mwezi. Tupokee stendi.

Kaka yako

1 Juni

Kaka,

Shikamoo. Kama mzigo umefungwa, ufungue. Usije! Huyo mama amesafiri, ameenda ng'ambo, funguo ameondoka nazo, hajasema atarudi lini. Utakuta kufuli. Shemeji, kama unasoma, mzuie. Mkalie. Mpeleke hospitali hata kwa kumdanganya.

Nilisimama stendi jana mpaka basi la mwisho likashusha watu wote, hata wale waliolala. Hamkuwemo. Nilifurahi, kaka, kisha nikaanza kuogopa kwa nini nimefurahi.

Nijibu, hata neno moja.

Mdogo wako

28 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui nani anaifungua barua hii. Shemeji, kama ni wewe, na kama bado yuko wa kusomewa, msomee karibu na sikio. Kama hayuko wa kusomewa, isome wewe, kisha unifanye utakavyo.

Hamjajibu. Nimempigia jirani, simu inaita mpaka inachoka. Stendi nimekwenda kila basi la upande wenu linapoingia. Makuli sasa wananijua, wananiuliza, "Mzee wa tarumbeta hajafika?" Niliwaambia wao pia, unaona. Niliwaambia kaka yangu ni mkubwa, wampishe njia akishuka. Siku moja alishuka mtu ana kasha refu jeusi, nikamkimbilia nikampokea mzigo kabla sijamwona uso. Alikuwa fundi mabomba.

Unaweza kuuliza kwa nini sikupanda basi nikaja mwenyewe. Kwa sababu ningefika, ungeniuliza ukumbi ukoje. Nami ningekujibu. Najijua. Ningekaa pembeni ya kitanda chako nikupe mpaka rangi ya vizingiti.

Jumamosi nilisimama nje ya baa ya huku mtaani, upande wa makreti, ndipo ninaposikilizia muziki. Bendi ilikuwa hai, ngoma inapita ukutani inakuja mpaka kwenye meno. Kuna kijana anapuliza tarumbeta. Anapuliza vizuri, Mungu ampe pumzi. Zamani nikisikia hivyo ningekutajia, hii sauti ni shaba iliyokwanguliwa, hii ni zambarau ya bilinganya. Safari hii nilitafuta rangi sikuiona hata moja. Nilisikia vijiko tu. Watu walikuwa wanakula, kaka.

Mara ya kwanza uliponiandikia kuhusu kitanda, ningeweza kusema neno moja na wewe ungekilalia kwa siku yake. Nilipita pembeni ya neno hilo. Nikaleta plasta. Nikaleta saruji. Nikaleta funguo. Kila uongo niliutia ili uende kwa daktari, na kila mmoja ukakuweka nyumbani. Nilidhani naurekebisha ukuta, kumbe napaka juu ya maji.

Sasa nasema.

Ukumbi hakuna. Mama tajiri hakuna, hajasafiri, hakuzaliwa. Mimi nyumba ya mtu sijapaka tangu mwaka juzi. Napiga chokaa na rangi nyeusi kwenye mawe ya kando ya barabara, jeupe, jeusi, jeupe, jeusi, na gari zikipita zinanirushia tope juu yake. Siku ile nilipoandika nilikuwa nimekusikia kwenye simu unakohoa, na sikuwa na kitu kingine cha kukutumia.

Bahati haikuja kwangu. Nilidanganya.

Mdogo wako