Mkesha wa Mzee Malachy

Grainne uko wapi. Kwa akina Colman kumechafuka. Watoto wa Malachy wamepigana msibani, na baba yao kalala sebuleni kwenye jeneza wazi.

Kaanza Fintan. Katua jana kutoka Boston, mchana huu kalewa, anatufundisha Kiingereza. Eti mkesha tunauita "wake", yaani kuamka, kwa sababu zamani watu walikaa na maiti kungoja kama ataamka. Akainama, akamzaba baba yake kibao cha shavu. "Amka basi, mzee."

Kibao, Grainne. Maiti.

Colman akasema taratibu, "Neno hilo maana yake ni kulinda. Aliyekufa haachwi peke yake mpaka azikwe. Hebu mguse tena."

Akamgusa tena.

Colman akampiga kichwa cha pua. Nimeusikia mfupa ukivunjika, bado nausikia. Birika la chai likaenda chini, wakaburuzana hadi uani, Colman akawa anamgongesha uso kwenye trekta. Damu imejaa kwenye changarawe. Sote tulitoka mbio kuwaamua, hata padri.

Ndipo padri akauliza, "Nani kabaki na marehemu?"

Tukatazamana. 

Colman akakimbilia ndani, ngumi zikimchuruzika damu. Tukamkuta mama yao, Attracta, amekaa peke yake kaushika mkono wa mumewe. Hata hakugeuka.

"Miaka yote nimewakinga nyinyi na ngumi za huyu," akasema. "Kumlinda yeye siku moja tu, mmeshindwa."