Katibu Muhtasi wa Shemeji Yako

Mwenzangu, acha unachofanya usome! Nimejifungia bafuni, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unajua shemeji yako aliwaandikia watu wa kodi kwamba chumba cha mama yake ni ofisi yake ya kuchorea ramani za nyumba, ili apunguziwe kodi? Basi leo ofisa kaja kuikagua. Hiyo ofisi!!

Tangu asubuhi bwana anahangaika. Kitanda kakisukumia jikoni, meza kaazima kwa jirani, ramani kazibandika ukutani, moja kichwa chini. Mama mtu katumwa sokoni kununua vitunguu, na vitunguu tunavyo tele.

Ofisa katulia anaandika, mara mama huyo mlangoni na kikapu chake. "Kitanda changu kiko wapi?"

Mume wangu kakodoa macho. Unajua kasema nini? "Afande, huyu ni katibu muhtasi wangu."

Mama yake mzazi! Katibu muhtasi anayeulizia kitanda!!

Mama kamtazamaaa. Kaweka kikapu chini, kakalia kiti cha ofisi. "Sawa, bosi. Na mshahara wangu?"

Ofisa wala hakucheka. Kafungua ukurasa mpya. "Kumbe umeajiri. Haya, kodi ya mshahara wake unailipia wapi?"

Mpaka sasa ninapokuandikia, ofisa anasubiri jibu na mama anasubiri mshahara.