Upenu Tulioubomoa

Muscat

Kwako mke wangu Somoe,

Assalaam aleikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na mwanetu Tunu, na vile vipele vyake vya joto viwe vimeanza kukauka. Mama naye mgongo unamwendeaje? Mimi afya ninayo, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia tangu tulipokatiana simu. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu tunapandishiana sauti, halafu mtandao unakatika kabla hatujapatana. Barua hii atakuletea mwenzangu wa chumbani, mtu wa Mingoyo, anayerudi nyumbani kabisa. Atashuka kwetu Kinjumbi kwanza, kisha aendelee kwao.

Maneno yako bado nayasikia. "Baba Tunu, humu ndani tunapikwa. Leta kiyoyozi, au nipe ruhusa nimpeleke mtoto Songo Mnara kwa mama." Nami nikakujibu kwa ukali kwamba mtu haachi nyumba yake kwa sababu ya jua. Najua mama yangu naye amekuonya kwamba ukionekana na mizigo, watu watasema Mfaume kamwacha mkewe.

Kiyoyozi nimekifikiria sana. Kazi yangu huku ni kusafisha viyoyozi vya watu, nimeona mengi. Ukikifunga kwenye nyumba inayoingiza jua, kinanguruma mchana kutwa, umeme wa LUKU unaisha, na jasho liko palepale. Feni nayo itakuzungushia joto lilelile. Dawa ni kulizuia joto lisiingie.

Hapo ndipo ninapoumia, Somoe. Unakumbuka furaha yetu siku lile bati la bluu lilipopigwa? Tukaona upenu wa makuti wa upande wa barabara unatuaibisha, unaficha bati, wapita njia hawatajua kwamba kwa Mfaume pamejengwa. Tukaubomoa wenyewe, mimi navuta, wewe unacheka na kukusanya makuti ya kuwashia moto. Kumbe ndio uliokuwa ukiukinga ukuta wa magharibi na dirisha la chumbani. Sasa jua la alasiri linamfuata mtoto mpaka kitandani. Laiti angetokea mtu siku ile akatushika mikono! Bati tumelionyesha, na limeonekana, lakini ndani hamkaliki.

Mwambie mdogo wangu Hamisi aurudishe upenu ule, tena aushushe chini kuliko wa mwanzo. Bati alipake chokaa nyeupe. Najua bluu itapotea, ipotee tu. Chini ya bati atandaze mikeka mikuukuu juu ya fito, iwe dari, na juu ya kuta aache matundu hewa ya moto ipate pa kutokea. Madirisha ya magharibi yafungwe adhuhuri na kuwekwa pazia zito, ya upande wa bahari yaachwe wazi. Majirani wakisema unajifungia, waache waseme. Vumilia mpaka Hamisi amalize.

Hapo nilikuwa nimeachia kalamu jana. Leo Ijumaa tumerudi kutoka kuswali, tukakaa kula, kiyoyozi cha chumba chetu kikazima. Hatukuumaliza ule wali. Wanaume wazima tumebeba mikeka tukakimbilia kivuli cha ukuta uani, na hakuna aliyekwenda kumwomba msimamizi ruhusa. Yule wa Mingoyo, aliyesikia nilivyokufokea kwenye simu, akanitania: "Mfaume, mbona nawe umetoka? Si mtu haachi nyumba yake kwa sababu ya jua?"

Wenzangu wakacheka. Sahani moja ya wali imenishinda, nami nilikuwa nakwambia ukae na mtoto mdogo miezi yote ya joto. Nisamehe, mke wangu. Nimeona aibu, na nimekuonea huruma nikiwa mbali, huruma isiyokusaidia kitu.

Basi nenda. Barua hii msomee mama kwa sauti, ajue umetoka kwa ridhaa yangu. Atakayeuliza umeachwa, mwonyeshe mwandiko wangu. Hamisi akusindikize mpaka Kilwa Masoko akupakie boti, kisha arudi kwenye kazi ya nyumba. Ikipoa, mtarudi. Isipopoa, kaeni hukohuko mpaka nitakapokuja.

Shikamoo nyingi kwa mama, na umwambie asikununie. Nisalimie Hamisi na mkewe. Kwa mama mkwe, shikamoo, naye anipokelee watu wangu. Shemeji yangu mvuvi mwambie samaki wa Tunu awe mbichi wa siku hiyohiyo.

Kila nilipolala nilikuwa namwona Tunu anajifunza kutembea ukumbini kwetu, kwenye sakafu niliyoisiriba kwa mkono wangu. Nilikuwa nakuzuia kwa ajili ya hilo, Somoe. Mpeleke akatembee mchangani kwa bibi yake, penye upepo.

Mimi mumeo,
Mfaume