Mama, Lile Halikuwa Jipu

Mpemba, Tunduma
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako Mwajuma amenichekesha na kuniliza kwa pamoja. Nimekitafuta kile kitambaa ninachokunja kujazia sidiria upande walionikata ziwa, sikioni. Kumbe amekifunga mgongoni kwa mtandio wangu, anazunguka nacho uani. Nikamwambia, nipe, mama anatoka. Akanijibu, "Shii! Mdogo wangu amelala." Miaka mitatu tu, Mama. Nikamwachia, nikachukua daftari.

Assalamu alaykum. Miguu yako inaendeleaje? Mvua Kondoa zimenyesha? Huku ni baridi na vumbi la malori, ila tunapumua, Alhamdulillahi. Dripu za dawa zimekwisha, nywele zinaota, laini kama za kichanga. Lakini nimechoka. Nikiteka ndoo moja nakaa kwanza.

Mama, usinikasirikie kwa haya. Daktari wa Mbeya aliniuliza, "Kwenu kuna mwingine aliyeumwa ziwa?" Nikasema hapana. Wala sikumdanganya. Kwetu mlisema mama mkubwa Asha alikufa kwa jipu, na bibi naye jipu. Nikiwa kwenye basi narudi ndipo nikajiuliza, jipu gani haliivi miaka miwili? Nikakumbuka mlivyotufukuza chumbani, na ile harufu mliyoifukizia ubani. Safari iliyofuata nikamwambia. Aliweka kalamu chini.

Akanieleza taratibu, maana shule yangu unaijua. Kwamba mimi bado kijana, mifuko ya mayai iliyoko tumboni ndiyo inayotoa kitu kinachoweza kuuamsha huu ugonjwa tena. Na ugonjwa ukiwa wa ukoo, hata hiyo mifuko yenyewe inaweza kuugua. Anashauri itolewe. Sitazaa tena. Hedhi itakoma, joto litanipanda usiku. Yaani nitakuwa mzee mwenzio nikiwa na miaka ishirini na sita, tukae tupepeane.

Mwenye nyumba wetu, Mama Sichone, mama wa Kinamwanga, ndiye anayenipikia nikizidiwa. Kusikia habari hii alikuja akaniondolea sahani mbele yangu. "We mwanangu! Wanakutoa mayai, nawe unakula mayai? Unawaongezea kazi madaktari!" Nilicheka mpaka mshono ukauma. Yeye hakucheka, na yai lenyewe akaenda nalo.

Ila Abdu, mkwe wako, hachekeshwi. Jana aliniambia, "Unakwenda kutoa kizazi." Nikamwambia kizazi kinabaki, inayotoka ni mifuko tu. Akauliza, "Mtoto atapatikana?" Nikasema hapatikani. "Basi ni kizazi." Mama, hapo amesema kweli.

Akasema tuzae mmoja kwanza, hata awe wa kike tena, halafu wakate wanachotaka. Nikamwambia nimemuuliza daktari hilo hilo, naye hakukataa, alisema tu kwamba kusubiri ni kubahatisha. Nikamuuliza Abdu, "Na ukibaki na wawili bila mama yao, utawapeleka wapi?" Leo ameondoka kwenda boda, pale mpakani, kupakia magari bila kunywa chai. Si mtu mbaya, Mama. Wakati wa dripu yeye ndiye aliyekuwa akinishikia beseni. Anaogopa, na mama yake kila siku anauliza mjukuu wa kiume.

Mimi nimeshaamua. Karatasi ya kukubali upasuaji nitaitia sahihi. Leo nakwenda Mbeya, kesho naingia wodini. Asiporudi Abdu, Mama Sichone atanisindikiza, ameshafunga na kitenge. Huyo mdogo wake Mwajuma nilikuwa nimeshampa jina moyoni, sitakuandikia jina gani. Lakini huyu aliyeko uani nataka nimsuke nywele mpaka anikataze mwenyewe. Usiseme nimejikata uzazi kwa mkono wangu. Wakisema wengine nitavumilia. Ukisema wewe, sitaweza. Niombee tu.

Nisalimie baba mdogo, mwambie radio yake bado tunaisikiliza. Shangazi wa kisimani na mwalimu wangu wa madrasa nao wape salamu. Mimi binti yako, Zuhura.

Nilikuwa nimefunga barua, nimeifungua tena kwa ajili ya mdogo wangu Rehema. Mama, mkalishe umwambie bibi na mama mkubwa waliumwa nini. Uuite ugonjwa kwa jina lake, kansa ya ziwa, usiseme jipu. Ajipapase mwenyewe kila mwezi. Akikuta hata kigumu kidogo kama punje ya mahindi aende hospitali, asikae nacho kama mimi nilivyokaa miezi saba nikidhani ni maziwa yameganda. Na asione haya, mwambie dada yake alivuliwa blauzi mbele ya madaktari wanne na haya yenyewe ilikwi—

Abdu anaita nje. Anasema niache mabegi atabeba yeye, gari la Mbeya limesimama.